Shajara ya nyumba ya udongo, Pemba: Agosti 2023 hadi Juni 2024

6 Agosti 2023

Leo tumepiga kigwe. Nyumba ni mita 7 kwa 9: vyumba viwili, ukumbi, na baraza mbele. Jiko litasimama peke yake uani. Kiwanja ni urithi wa baba, juu ya kilima kidogo kando ya njia ya Wete kwenda Konde, na ukisimama penye kigingi cha kusini unaliona bonde la mpunga lote. Fundi ni mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye nyumba za udongo alizozisimamisha hata mwenyewe hajui idadi yake. Mimi ni mwalimu wa skuli. Kazi yangu ni kushika daftari na kutoa pesa.

Mama alikuwa chini ya mwembe anachambua mchele. Hakusema neno mpaka kigingi cha mwisho kilipopigwa.

"Hivi kweli unajenga udongo?"

Nikamwambia ndiyo mama, na nikaanza hotuba yangu: matofali ya saruji yanahifadhi joto, mchanga unachimbwa mpaka mashamba yanakwisha, udongo tunao bure. Akaniacha nimalize.

"Udongo haujengwi mara moja, mwanangu. Unajengwa kila mwaka, na anayeujenga ni mwanamke."

Kisha akaeleza, na hili ndilo lililonifanya nifungue daftari hili. Nyumba niliyozaliwa mimi, kila masika yakiisha, ukuta wa kusini ulikuwa umelika mpaka fito zinaonekana. Baba yuko dago, kambini na wavuvi wenzake. Mama na dada zake wanachota udongo bondeni, wanapanda nao kichwani, wanateka maji, wanakanda kwa miguu, wanakandika upya. Wiki mbili, wakati mwingine tatu. Siku bati na matofali vilipopatikana hakulilia nyumba ya udongo hata chozi moja.

Basi swali la mradi huu limebadilika siku ile ile ulipoanza. Kwamba udongo utasimama hilo najua, umesimama Pemba tangu enzi za mababu. Ninachotaka kujua ni hiki: masika ya kwanza yakipita, nitahitaji karai ngapi za udongo kuutengeneza ukuta? Nimeandika kwenye jalada la daftari: *Hesabu ya karai*. Nafasi iko wazi.

13 Agosti

Hakuna kazi. Vijana wote wako juu ya mikarafuu. Msimu wa karafuu ukichanganya, Pemba humpati hata wa kukuchimbia shimo la choo, na siwalaumu, kwa sababu pesa ya pishi ya karafuu inalipwa jioni hiyo hiyo.

27 Agosti

Wiki mbili hizi nimecheza na udongo kama mtoto. Huku kwetu watu wanaujua udongo kwa majina. *Kinongo* ndio ule mwekundu wa vilimani. *Kichanga* jina lake linajieleza. *Kinamo* ndio ule wa mabondeni, mweusi au wa kijivujivu, unaonata ukilowa na kupasuka ukikauka, mpaka kwenye nyufa zake mkono wa mtoto unaingia. Mama na dada zake walikuwa wakichota kinamo kwa sababu mbili: bondeni kuna maji, na kinamo kinashika vizuri kwenye fito siku ile ile. Kasoro yake inakuja baadaye. Kikikauka kinasinyaa, kikisinyaa kinapasuka, na mvua ikija inaingia kwenye ufa badala ya kuteleza juu yake.

Nilichukua chupa nne za jemu, nikatia udongo wa sehemu nne, nikajaza maji na chembe ya chumvi, nikatikisa, nikaziacha dirishani. Mchanga unatua mara moja, tope laini linafuata, udongo wenyewe unakuja kutulia juu kabisa, na maji yanaweza kukaa siku mbili hayajawa meupe. Kinongo cha nyuma ya kiwanja kina mchanga wa kutosha kiasi. Kinamo cha bondeni karibu chupa nzima ni udongo.

Mjomba alizitazama chupa zangu kwa adabu, kisha akafanya lake. Akakanda donge, akalisokota liwe kamba nene kama kidole, akalisukuma polepole nje ya ukingo wa meza likining'inia. La kinamo lilishuka refu mno bila kukatika. "Hili litapasuka." La kichanga lilikatika kabla ya kufika urefu wa kidole. "Hili litamwagika." La kinongo lilikatika baada ya kama sentimita 10. "Hili tunaweza kuzungumza nalo."

Nimepaka vibao sita vya majaribio kwenye ukuta wa banda la kuku la mama, kila kimoja na mchanganyiko wake. Kilichopasuka kidogo kuliko vyote ni beleshi mbili za kinongo kwa moja ya mchanga, pamoja na majani ya mpunga yaliyokatwakatwa, mchanganyiko ukavundikwa siku nne kabla ya kupakwa. Kile cha kinamo kitupu kimeanguka chenyewe. Kuku wamekila.

17 Septemba

Msingi. Mawe yametoka upande wa Micheweni, kwenye ardhi ya maweni, lori tatu. Chokaa nimeinunua kwa mchomaji, mawe ya matumbawe yaliyochomwa kwa kuni, na tumeizima wenyewe kwenye shimo. Aliyewahi kuzima chokaa anajua: unatia maji, kimya kidogo, halafu shimo lote linachemka kama sufuria ya ubwabwa na mvuke unakuchoma uso. Watoto waliambiwa wakae mbali, wakakaa mbali kwa muda wa dakika moja. Tunaiacha shimoni ikae na maji juu yake mpaka Januari. Chokaa ikikaa inakuwa laini kama samli.

Kilima kinateremka kuelekea bondeni, hivyo msingi una sentimita 50 upande wa chini, na 30 tu upande wa juu, kule uani. Mjomba alitaka 50 pande zote. Nilipiga hesabu ya lori la nne nikasema 30 zinatosha. Naandika ili isijesemwa baadaye kwamba sikuambiwa.

1 Oktoba

Miti. Boriti za mikoko ndizo ambazo mjomba amezizoea, na wenyewe wana majina yake kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Lakini mikoko sasa haikatwi ovyo, inataka kibali cha misitu, na hata kibali ukikipata dhamiri inauliza, maana ndiyo inayoshika pwani yetu. Tumetumia mivinje kwa makombamoyo, yaani miti ya kubeba paa, na mzambarau kwa nguzo. Miimo ya milango ni mfenesi, wa njano kama manjano ya biriani, na mchwa hawaupendi.

Nguzo ni 22. Kila moja vitako vinachomwa kwenye moto mpaka viwe vyeusi, vinapakwa oili chafu ya gari, vinaingia shimoni sentimita 70, vinazungushiwa mawe na chokaa. Oili chafu si kitu cha asili, najua, na kuna watu watanisuta. Mchwa wa Pemba nao ni wa asili.

15 Oktoba

Hapa ndipo nilipokosea, na naomba nieleze kwa urefu.

Nguzo zimesimama, mtambaapanya, mti unaolala juu ya nguzo, umefungwa, na mwamba, mti wa kilele cha paa, uko juu. Kazi inayofuata kwa utaratibu wa mjomba ni kuezeka. Nyumba ya udongo ya kwetu inavaa paa kwanza, ukuta unakuja baadaye chini ya kivuli. Lakini makuti hayajafika. Niliagiza 1,600 kwa hesabu ya muezekaji, ya nafasi ya nusu shibiri kati ya kuti na kuti. Mjomba akasema nusu shibiri ni paa la banda la ng'ombe, nyumba ya mtu ni vidole vinne. Kwa vidole vinne yanatakiwa 2,400. Akina mama wanaosuka makuti ya viungo, yale ya paa, wakasema mengine hayo mpaka Desemba.

Na mimi nilikuwa na likizo fupi, udongo umeshavundikwa, vijana wamerudi kutoka kwenye karafuu. Nilikuwa pia nimetazama video nyingi za watu wa nchi kame wanaopandisha kuta za udongo chini ya jua, kuta nzuri, nene, paa linakuja mwisho kama mfuniko. Nikasema tukandike chumba cha magharibi, vuli ikija tutafunika kwa turubai.

Mjomba akasema, "Mwalimu, mvua ya huku haipigi hodi." Kisha akakandika, kwa sababu mwenye pesa ni mimi. Siku sita tukamaliza kuta tatu za chumba kimoja. Zilikuwa nzuri wallahi. Nilizipiga picha.

5 Novemba

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwisha tangaza kwamba vuli ya mwaka huu itakuwa ya El Niño na mvua zitazidi. Nilisikia kama mtu anayesikia habari za mtaa mwingine.

Usiku wa Alkhamisi upepo ulilichukua turubai ukalitundika kwenye mnazi. Asubuhi ukuta wa magharibi ulikuwa umekaa chini. Haukuanguka, ulikaa, kama mtu aliyechoka: nusu ya juu imeshuka juu ya nusu ya chini, fito zimetokeza mbavu. Kuta mbili nyingine zimevimba tumboni.

Nilitegemea mjomba aseme "nilikwambia." Hakusema. Alizunguka nyumba mara mbili, akachutama, akauliza swali moja:

"Maji yamepita wapi?"

Nikamjibu yamepita juu, si unaona hakuna paa. Akatikisa kichwa. Akanipeleka upande wa uani. Pale pana njia ndogo ya ng'ombe inayoshuka kutoka shamba la jirani, na mvua ilikuwa imeigeuza mto. Maji yalishuka na njia, yakafika penye msingi wa sentimita 30, yakasimama, yakatafuta pa kwenda, yakaingia chini ya ukuta. Ukuta ulilowa kutoka juu na chini kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hata ningekuwa na paa, pale pangeoza.

Tangu siku ile hilo ndilo swali letu kila mvua ikinyesha. Nimeliandika chini ya *Hesabu ya karai*.

26 Novemba

Mvua. Tumechimba mfereji tu, wa nusu mita kwenda chini, unaopokea maji ya njia ya ng'ombe na kuyazungusha mpaka kwenye migomba. Migomba imefurahi.

7 Januari 2024

Kaskazi limeingia, mbingu ni safi, na makuti 2,400 yako uani yamepangwa kama vitabu. Kwa asiyejua: *kuti la kumba* ni lile linalosukwa kwa jani la mnazi lenyewe, kazi yake ni ua na vibanda. *Kuti la viungo* ndilo la paa, majani yanakunjwa moja moja juu ya ufito na kushonwa. Kuyashona 2,400 ni vidole vya watu, na vidole hivyo ni vya wanawake saba wa shehia yetu waliokuwa wakisuka usiku baada ya kazi nyingine zote. Naandika hapa kwa sababu kwenye hesabu za "nyumba ya bei nafuu" vidole hivi huwa havionekani.

Kamba ni za makumbi, yale maganda ya nje ya nazi. Nazo ni hadithi ile ile: makumbi yanafukiwa ufukweni kwenye mashimo maji yanapokupwa, yanakandamizwa kwa mawe, yanakaa miezi, yanafukuliwa yananuka, yanapigwa mpaka nyuzi ziachane, ndipo yasokotwe. Mikono ile ile.

Mwinamo wa paa ni nusu ya pembe mraba, yaani digrii 45. Shemeji alitaka tulaze kidogo ili tupunguze makuti. Makuti hayazuii maji kama bati, yanayapitisha kwa haraka kutoka jani hadi jani mpaka ukingoni. Ukililaza paa, maji yanapata nafasi ya kufikiri.

14 Januari

Ijumaa wezekaji hawakuja, ilikuwa sikukuu ya Mapinduzi, miaka 60. Jumamosi na leo wamemaliza upande wa kusini. Ukingo wa paa umetoka nje ya ukuta sentimita 90. Ukisimama barazani unaona bonde lakini huoni mbingu.

Mjadala wa bati na makuti nauandika kwa kifupi kwa sababu nyumbani umechukua mwezi. Bati halibadilishwi baada ya miaka michache, linakupa maji ya mvua safi ya kukinga, na haliogopi cheche. Mama alikuwa upande wa bati na hoja zake zote tatu ni za kweli. Upande wa makuti mimi nilikuwa na ubaridi wa mchana, ukimya wakati wa mvua, na ukweli kwamba yanatoka shambani kwetu. Tumekubaliana hivi: nyumba makuti, jiko bati. Jiko ndiko kwenye moto, na bati la jiko litajaza tangi la maji. Kasoro ya mapatano haya ni kwamba moshi wa jikoni ndio unaofukuza wadudu kwenye makuti, na sasa moshi utakuwa chini ya bati. Mjomba anasema mara moja kwa wiki tufukize ukumbini kwa makumbi. Tutaona.

28 Januari

Tulialika watu. Walikuja 31 bila watoto. Udongo ulikwisha letwa, gari 46 za ng'ombe, ukavundikwa na majani ya mpunga chini ya paa. Wanaume walikanyaga, vijana walipitisha karai, wanawake na mjomba walikandika. Kati ya fito za nje na za ndani tunapanga mawe madogo ili udongo usiwe mwingi wa kusinyaa, halafu donge linapigwa kwa nguvu kutoka nje wakati mwenzako analipokea ndani. Linapigwa, haliwekwi. Donge lililowekwa linaacha hewa nyuma yake, na penye hewa ndipo mchwa anapotia nyumba yake.

Mama alikuja saa nne na kanga imefungwa kiunoni. Hakuniangalia. Alikwenda moja kwa moja ukuta wa kusini, akamtoa kijana mmoja aliyekuwa akipaka kama anayepaka siagi kwenye mkate, akaanza. Muhogo wa nazi na papa ulipoiva alikuwa amekwisha maliza nafasi ya nguzo tatu.

Jioni nilimuuliza, mama umeonaje huu udongo. Akasema, "Hauna kinamo." Hilo tu.

18 Februari

Nyufa za kukauka, nyingi ndogo, mbili kubwa kiasi cha kuingia sarafu. Nyufa za tabaka la kwanza ni neema, tabaka la pili linapata pa kushika. Tabaka la pili ni kinongo kilichochekechwa, mchanga laini, na samadi ya ng'ombe. Harufu inaondoka siku ya tatu. Wanafunzi wangu waliopita njiani walicheka mpaka wakakaa chini.

Miaka mingi nimefundisha darasani *usipoziba ufa utajenga ukuta* kama mfano wa matumizi ya lugha. Sikujua kuwa ni maelekezo ya kazi.

3 Machi

Shemeji amerudi na hoja ya saruji: tupige plasta ya saruji nje, tusahau. Nilimpeleka kwenye nyumba moja kijijini, ya udongo iliyopakwa saruji. Mwenyewe alituruhusu tubishe hodi na tugonge ukuta. Unasikika mtupu kama ngoma. Pembeni saruji imefunguka kama ganda la yai, na nyuma yake udongo ni mbichi. Saruji ni ngumu, udongo unacheza. Ukuta ukipanuka na kusinyaa saruji inapasuka uzi mwembamba, maji yanaingia kwa uzi huo, na kutoka hayawezi. Udongo unataka kuvuta pumzi.

Tumetumia chokaa yetu ya shimoni, imekaa miezi mitano na inakatika kwa mwiko kama jibini. Ukuta wa kusini, unaopokea upepo wa kusi, tumeukwaruza kwa msumari, tukaulowesha kidogo, tukapaka chokaa na mchanga tabaka mbili nyembamba. Kuta nyingine tumepaka chokaa nyepesi tu kwa ufagio, mara nne, kila mara baada ya ile ya kwanza kukauka. Chokaa haikauki kwa jua, inaiva kwa hewa, polepole. Kwa hiyo wiki nzima tumetundika magunia mabichi mbele ya ukuta wa kusini, wapita njia wanauliza kama tumefiwa.

17 Machi

Ramadhani imeingia. Kazi asubuhi tu. Milango imetiwa.

21 Aprili

Tumehamia baada ya Idd, mimi na wanangu wawili. Masika yamekaa kitako. Mvua ya Pemba kwa mwaka inapita milimita 1,500, na sehemu kubwa yake inamwagika miezi hii. Kwa siku tisa sijaona kivuli changu.

Paa halivuji, isipokuwa tone moja juu ya mlango wa ukumbi, ambapo makuti yalipungua wakayafinya. Ndani kumetulia hivi kwamba unasikia maji yanavyoteremka ukingoni lakini huyasikii yakipiga. Mwanangu mdogo alilala usiku wa radi mpaka asubuhi.

Tatizo liko uani. Matone ya ukingoni yanashuka mita mbili, yanapiga ardhi tupu, na yanaruka na tope lake. Nimepima alama: sentimita 38 kutoka chini. Msingi wa upande ule ni 30. Kwa hiyo sentimita nane za ukuta wangu zinapigwa tope kila mvua, urefu wote wa mita 9, na chokaa imekwisha ondoka. Lori moja la mawe, lile la nne nililolikataa.

Mjomba alikuja, akachutama, akafungua mdomo. Nikamwahi: "Yameruka, mjomba. Yametoka chini." Akacheka mpaka akakohoa.

Tumemwaga kokoto chini ya ukingo, upana wa nusu mita, na nyuma yake nimepanda majani. Tone likianguka kwenye kokoto linavunjika na halina tope la kuruka nalo.

5 Mei

Jana kimbunga Hidaya kilitua Mafia. Sisi tuko mbali kaskazini, lakini upepo tuliupata wa kutosha na boti zilisitishwa. Usiku kucha makombamoyo yalikuwa yakilia kama jahazi. Asubuhi paa lipo. Makuti kama arobaini ya pembe ya kusini magharibi yamefunuka na mawili yako kwa jirani. Kamba za makumbi zimenyooka kidogo, hakuna iliyokatika. Msumari ungeng'oka, kamba inanyoosha kisha inarudi.

Mama alimtuma mtoto kutazama kama bado tuna nyumba. Mtoto alikuta tunakunywa uji akakaa akanywa, ikawa mama hakupata jibu mpaka saa tano.

2 Juni

Ukungu. Viatu vya ngozi vilivyokaa chini ya kitanda vimeota manyoya ya kijani, na kanzu ya mwanangu ina madoa. Maji haya hayakutoka juu wala chini, ni pumzi zetu na nguo tunazoanika ndani. Nilifanya madirisha madogo kwa kuogopa mvua. Mjomba atatoboa matundu chini ya mtambaapanya, pande mbili zinazotazamana, upepo upite juu ya vichwa.

23 Juni

Masika yamekwisha, kusi ni kavu, leo tumetengeneza ukuta. Mchanganyiko ule ule, karai ile ile ya Januari. Uani, zile sentimita nane: karai 7. Ukuta wa kusini, chini ya dirisha, mahali tulipofika na chokaa jioni tumechoka: karai 3. Pembe ya mlango wa nyuma ambapo mbuzi wanajikuna: karai 1.

Jumla 11. Kazi ya saa tano, watu watatu, mmoja wao ana miaka tisa.

Nilimwonyesha mama daftari. Akaisoma ile 11 kwa muda. Akasema wao walikuwa hawahesabu karai, walikuwa wanahesabu siku, na kwamba mwaka mmoja si kitu, nimwonyeshe mwaka wa tano, makuti yakianza kuchoka. Halafu akauliza kama kinongo kimebaki, maana banda lake la kuku linataka kukandikwa.

Wakati wa kunawa, mwanangu aliita. Kwenye nguzo ya 14, ya ukumbini, kuna mstari wa udongo mwembamba kama unyoya wa kalamu unaopanda kutoka sakafuni. Mchwa. Nimefukua kidogo: kitako kina oili lakini hakikuchomwa. Nakumbuka siku ile kuni zilikwisha, na nilisema hiyo moja haidhuru. Nikiigonga nguzo, chini sauti ni ya mti mzima, kwa hiyo hawajafika mbali.

Mjomba anakuja Jumamosi na shoka, kabla ya mvua za mchoo za Julai. Mzambarau wa kubadilishia umekwisha katwa, umeegeshwa nyuma ya jiko, na kuni nimeziweka kando yake mimi mwenyewe.